Mkono wa Muzee Ndagijimana

Mama Katungu alikuwa akiuza maharagi pale soko la Murara, kando ya kibanda ninamoshonea nguo. Alitoka Butembo akiwa msichana. Kopo lake la kupimia lilikuwa limebonyea, lakini hakuna mteja aliyelilalamikia, maana alilijaza mpaka maharagi yakamwagika, kisha akaongeza kiganja kizima cha matabishi, nyongeza ya bure.

Ila asubuhi kopo hilo halikuguswa mpaka afike mtu mmoja. Hapa kwetu wauzaji wengi huamini kwamba anayenunua wa kwanza ndiye anayeifungua siku. Mkono wake ukiwa mzuri, mali itakwenda. Ukiwa mbaya, utakaa na nzi mpaka jioni. Mama Katungu alikuwa na mkono wake aliouchagua: wa Muzee Ndagijimana, mkulima wa Rutshuru aliyepanga chumba Munigi.

Walijuana mwaka 2008, mwezi wa kumi. Muzee aliingia mjini alfajiri na wajukuu zake, wakikimbia vita, akanunua kopo moja. Kabla ya saa sita magunia yote yalikuwa matupu. Sisi wengine tulijua sababu: barabara ya Rutshuru ilikuwa imefungwa, malori hayaji, na mji mzima ulikuwa unatafuta chakula. Siku moja nilimwambia.

"Mama, ile siku ilikuwa barabara. Haikuwa mukono."

"Na habari ya barabara nani aliileta? Si yeye?"

Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Tangu mwaka ule Mama Katungu alimngojea muzee kila asubuhi ashuke kutoka Munigi, juu ya mji. Biashara ikienda vizuri, ni mkono wa muzee. Ikienda vibaya, ni mvua, au muzee alilipa huku akikohoa. Siku nzuri alitusimulia mpaka tukazijua kwa moyo. Zile mbaya hazikuwa na msimulizi. Binti yake Lucie alimtania, "Mama, tumulaze muzee hapa hapa juu ya magunia." Muzee mwenyewe hakujua lolote. Alidhani anapendwa tu, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Novemba 2012 mapigano yalikaribia Munigi, na asubuhi moja muzee hakutokea. Magunia yalikuwa yamejaa. Ndiyo mali yote aliyokuwa nayo Mama Katungu. Mtaa wa jirani waporaji walikuwa wameshavunja maduka. Watu walipanga foleni na mifuko yao, na mbele kabisa alisimama Charline, mama aliyekimbia kwao akiwa na mtoto mgongoni.

"Mama, nipimie."

"Ngoja kidogo. Muzee yuko njiani."

"Muzee gani? Mutoto ana njaa!"

"Anakuja."

Wengi walikwenda kutafuta kwingine. Kesho yake ikawa vile vile. Lucie akapandisha sauti mpaka soko likageuka.

"Wataiba yote, mama! Uza!"

"Hakuna siku niliuza bila muzee ikaenda muzuri."

"Hakuna siku uliuza bila muzee!"

Mama Katungu alifuta kopo kwa kitenge chake, akalirudisha mahali pake. Lucie akamwita Samy, mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akamtuma Mugunga, ambako watu wa Munigi walikuwa wamekimbilia.

Mchana Samy alirudi akisukuma, na juu ya chukudu lake muzee amekaa kama gunia la viazi, kofia mkononi.

"Mama Katungu!" akapiga kelele muuza chumvi. "Bahati yako imefika, na imelipiwa usafiri!"

Soko likacheka. Muzee akashuka taratibu, akauliza kuna nini, na Lucie akamweleza yote. Muzee aliutazama mkono wake kwa muda, upande huu na upande ule.

"Mama," akasema, "mukono huu ndio ulifunga mulango wangu Rutshuru, tukakimbia. Juzi umefunga mulango wa Munigi. Ungekuwa na bahati, leo ningekula maharagi ya shamba langu." Akacheka kidogo. "Tena leo hauna hata pesa ya kununua kopo moja."

Mama Katungu alisimama, akachukua kopo, akatafuta kwa macho kwenye foleni.

"Wewe mwenye mutoto. Leta mufuko."

Charline alipimiwa wa kwanza, na matabishi yake yalikuwa viganja viwili. Jua lilipozama lilibaki gunia moja tu, nalo Mama Katungu alimpa muzee; Samy akalipakia kwenye chukudu, akamrudisha muzee kwa wajukuu zake Mugunga. Usiku ule waporaji walivunja kibanda cha Mama Katungu. Waliondoka na kigoda chake tu.

Baada ya wiki nilimwuliza Mama Katungu kama sasa anaamini kuwa mkono ni mkono tu.

"Na nani aliniambia hivyo kabla wezi hawajafika?" akanijibu. "Si yeye?"

Lakini siku hizi humuuzia yeyote anayetangulia. Kopo moja la maharagi ya muzee hutengwa pembeni, limefunikwa kwa kitambaa, na akichelewa, linamngojea.