Mama Léontine Ajipunguzia Miaka

Tangazo lilisomwa kanisani Muheto baada ya misa, Jumapili moja ya mwaka 1968. Vijana wa kujitolea kutoka ng'ambo, waliopanga nyumba kule Mweso, walitaka wanawake wawili wa kuwasaidia kupima wajawazito, hapo Mweso na katika vijiji vya msituni upande wa Ntoto. Wawe wanajua kusoma, na wawe na miaka kumi na minane hadi thelathini. Wanawake wengine walisikia neno kazi wakachangamka. Mama Léontine, aliyebatizwa Adelaïde, alisikia thelathini, moyo ukamshuka.

Maana mama huyu alikuwa na kiu ya zamani. Alipokuwa msichana alimwona sista ameweka kitarumbeta cha mbao juu ya tumbo la mjamzito, ameegemeza sikio, anatabasamu. Kumbe mtoto husikika kabla hajazaliwa. Tangu siku ile alitamani kusikia alichosikia sista. Akaenda kuomba afundishwe. Masista wakamwambia bado ni mdogo, arudi akikua. Alipokua, mbuzi wa mahari walikuwa wamekwisha kufika kwa baba yake. Akaolewa, akazaa wanne, akazika watatu pamoja na baba yao, akabaki na Léontine, kifungua mimba wake. Milimani kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto, basi hata jina la Adelaïde lilikuwa limebaki kinywani mwa padri tu.

Mwaka wake wa kuzaliwa hakuna aliyeuandika. Alijua tu kwamba volkano ilipomwaga moto hadi ziwani kule Sake, miaka thelathini nyuma, yeye tayari alikuwa akimbeba mdogo wake mgongoni. Jirani yake Nyirabagenzi, mwanamke asiyekosa dawa ya shida ya mwenzake, alimshauri aseme ishirini na minane. Mzungu atajuaje?

Alikwenda Mweso. Léontine alimsindikiza, naye akiwa na mtoto wake mgongoni. Baba wa mtoto huyo alikuwa amekwenda Goma kutafuta kazi, na Goma ikammeza.

Benoît, mkubwa wa wale vijana, ambaye mwenyewe hata ndevu hazijashika vizuri, alimpa Adelaïde kitabu asome. Akasoma. Kijana akamuuliza umri. Ishirini na minane, akajibu bila kupepesa macho. Benoît akamwambia aanze kazi Jumatatu. Hata siku ya ndoa yake mama yule hakufurahi hivyo.

Hapo Benoît akamwona Léontine amesimama mlangoni, sura ileile, macho yaleyale, akauliza huyu ni nani. Léontine, kwa kumpenda mama yake, akawahi kujibu.

"Huyu iko dada yangu mukubwa."

Neno hilo lilimchoma. Watatu wako kaburini, na huyu mmoja aliye hai amkane kwa ajili ya kazi? Kwao, kumkana mtoto aliye hai ni kumchimbia kaburi.

"Hapana," akasema. "Mimi njo mama yake. Miaka nilidanganya."

Benoît akawa mwekundu usoni. Akaeleza kwa upole kwamba masharti hayakuwa yake. Karatasi yenye masharti hayo ilipita kwa wenzao wa kujitolea katika nchi nyingi, na kila mahali ilitaka vijana, kwa sababu wao wote ni vijana. Aliyasema hayo kana kwamba ujana ni ubatizo.

"Kwa masista balisema niko mudogo," Adelaïde akamwambia, akimwita baba kwa heshima ya kwetu. "Leo unasema niko muzee. Sasa siku yangu ilikuwa gani, Papa?"

Benoît akamgeukia Léontine, akauliza: huyu binti ana miaka mingapi, na je, anajua kusoma?

Léontine alikuwa na ishirini, na kusoma alifundishwa na mama huyohuyo. Alimgeukia mama yake akamuuliza kwa sauti ya chini kama akatae.

Adelaïde alitamani kusema ndiyo. Sitampamba: alitamani sana. Kisha akanyoosha mikono, akampokea mjukuu, akamfunga mgongoni mwake.

"Ingia," akamwambia. "Lakini leo usiniombe nifurahi. Nitafurahi kesho."

Léontine akaingia. Furaha ilikuja kweli, ila haikuja kesho yake.