Kinga ya Mtani

Nilipohamishiwa Songea kutoka kwetu Tunduru, nilikabidhiwa darasa la sita na somo la uraia, nikakuta watoto wanaojua kila kitu na hawaelewi chochote. Nikiuliza katiba ni nini, darasa zima linaimba kwamba katiba ni sheria mama ya nchi, kisha linanitazama kwa kuridhika. Nikiuliza sheria mama maana yake nini, wanaimba tena. Mimi sina subira, na siku nyingine nilitoka darasani kichwa kinaniuma.

Neno lililonishinda kabisa ni kinga ya wabunge. Nililiandika ubaoni, nikaeleza kwamba mbunge hashtakiwi kwa maneno aliyoyasema bungeni. Wakanakili kwa mwandiko mzuri. Nikauliza kwa hasira kidogo, "Haya, hapa Songea nani anaweza kusema lolote mbele za watu asifanywe kitu?"

Halafu msichana mmoja wa dawati la mbele, mwembamba, mwenye maneno kuliko umri wake, akanyoosha kidole.

"Mtani, mwalimu. Msibani."

Nikaweka chaki mezani. "Endelea."

"Anaweza kumsema hata marehemu kwamba alikuwa mchoyo, na watu wanacheka. Lakini jirani tu akisema hivyo anafukuzwa. Lazima awe mtani kweli."

"Na mbunge?"

"Lazima awe amechaguliwa." Akafikiri. "Tena asemee mle mle bungeni. Mtani naye akikufuata kazini kukusema vile, huyo ana matusi tu."

Siku hiyo darasa zima lilielewa, na mimi nikaliweka kitabu kando.

Msichana huyo alilelewa na bibi yake, aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na lango la shule yetu, Mfaranyaki. Bibi alikuwa Mngoni, mimi Myao, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hata hatujazaliwa. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia, "Marahaba, mateka wangu. Umekula?" Nami nikamwambia kuwa hao Wangoni wanaojisifu kututeka walitoka kusini kwa mbwembwe zote za vita, wakachoka miguu hapa hapa, sasa wanajifanya wenyeji. Alicheka mpaka akashika kiuno. Nilimpenda, na ninalisema bila aibu: katika mji nisiokuwa na ndugu, yeye ndiye aliyetaka kujua kama nimekula.

Alifariki ghafla, wakati wa baridi. Nilipofika nyumbani kwao Bombambili, wanajumuiya wa kanisani kwake walikuwa wakiimba uani, na mwanafunzi wangu ameketi mkekani, macho makavu. Shangazi yake akanivuta pembeni. Mtoto hakuwa ametamka neno tangu bibi akate roho, wala hakuwa amelia.

"Tunaogopa, mwalimu. Huyu na kimya wapi na wapi?" Kisha akaniangalia vizuri. "Na watani hawajafika. Wewe si Myao?"

Nilijua anachoniomba, kwani mtani ndiye humwiga marehemu ili wafiwa wacheke, nikaona aibu. Nilikuwa mwalimu, nimefunga ushungi wangu safi, mbele ya wazazi wa wanafunzi. Lakini nilimtazama tena yule mtoto. Nikaingia ndani, nikapewa sweta la bibi na kitenge chake, nikavivaa, nikatoka nimeinama, nachechemea.

"Nani kawaita hapa?" nikasema kwa sauti yake. "Vitumbua vyangu mlisema vidogo, leo mmekuja kula wali!"

Uani kukalipuka vicheko. Nikajilaza mbele ya mlango ambao jeneza lingepitia, nikatangaza kuwa Mngoni huyu hatoki mpaka mateka wake nipewe jogoo.

Mkwe mmoja aliyesafiri kutoka mbali, asiyeijua mila yetu, akasimama amekunja uso. "Huyu ni mwalimu wa aina gani? Hana adabu! Mtoeni!" Akanishika mkono kweli, anivute.

"Mwacheni. Ana kinga."

Sauti ilikuwa imekauka, lakini tuliijua. Msichana alikuwa amesimama. Mkwe akaniachia, asielewe ni kinga gani, na shangazi akajiziba mdomo kwa khanga.

Mtoto akanijia, akanitazama toka juu hadi chini kama anavyonitazama nikikosea ubaoni. "Lakini mwalimu, bibi hakuwa anachechemea hivyo."

"Nionyeshe."

"Na huyu naye?" mkwe akauliza, amechoka. Mzee mmoja akamjibu kwamba mjukuu ni mtani wa bibi yake kuliko Myao yeyote.

Nikavua sweta, nikamvisha. Mikono ikamfunika hadi vidole. Akashika kiuno, akapiga hatua chache, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo tu, akawa bibi kabisa, hata watu wakaacha kucheka. Alipofika mlangoni pa chumba alimolazwa bibi, akanigeukia, akasema kwa sauti ile ya asubuhi zote, "Mateka wangu, umekula?"

Hapo ndipo alipolia. Nilimkumbatia, uso wangu ukazama kwenye sweta lile lenye harufu ya moshi na mafuta ya vitumbua, nami nikajibu, maana ilibidi mtu ajibu.

"Bado, bibi."