Mwanamke wa Mapipa ya Buluu

Mume wangu anaendesha boti ya mbao kwenye Lualaba, kati ya upande wetu wa Kasongo na ng'ambo, kule gari moshi linakoshusha mizigo. Karibu kila kitu kinachowaka au kinachounguza hupitia mikononi mwake: esanse ya pikipiki, mazutu ya mashine za kusagia mawe, na asidi ambayo watu wa dhahabu wa Salamabila wanasafishia madini. Kwa miaka mingi vitu hivyo vilivuka katika bidoni za njano zilizokwisha kubeba mawese, zimezibwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Tulizoea harufu yake. Nguo za mume wangu nilizifua peke yake, mbali na za watoto.

Kisha boti moja upande wa juu wa mto ikawaka ikiwa na watu ndani. Baada ya matanga, komisera wa mto akawaita waendesha boti wote pwani akawapa sheria. Bidoni ya mawese isibebe tena esanse wala asidi. Chombo kiwe kinene, kifuniko cha kuzungusha, chenye mpira ndani. Kisijazwe mpaka mdomoni. Kichorwe alama ya moto au ya mkono unaoliwa na asidi, ili hata asiyesoma aelewe. Kisimamishwe, kifungwe kwa kamba, kikae mbali na watu na chakula.

"Vyombo hivyo tutavitoa wapi?" wakamuuliza.

Jibu lilikuja juma lililofuata, na lilikuja kwa miguu ya mwanamke. Alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa ziwa, mjane, kilemba chake kimefungwa vizuri hata kwenye matope. Alileta mapipa ya plastiki ya buluu, mazito, na kila la asidi limesimama ndani ya sanduku la mbao lililojazwa mchanga. Komisera aliyakagua moja moja, akayapitisha. Kuanzia siku hiyo mwanamke huyo aliwauzia wengine mapipa, na mzigo wake mwenyewe wa asidi ya Salamabila ulivuka kwa boti ya mume wangu tu.

Hapo ndipo usingizi wangu ulipoharibika.

Mume wangu si mtu wa maneno. Lakini jioni akirudi alikuwa nayo tele. "Yule mama anasema pipa iko na pumzi kama mutu. Ukijaza mpaka juu, jua likipiga, itatafuta pa kutokea." Au: "Yule mama anasema asidi haipendi makapi ya mpunga, inayachoma. Mchanga ndiyo dawa." Tangu tuoane nilikuwa nikimwambia anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto, naye akijifuta kwenye suruali. Sasa alikuwa ananawa mpaka kwenye viwiko. Nilimuuliza ni nani aliyemfundisha.

"Yule mama," akasema.

Akanunua rangi nyekundu akawa anachora alama za moto kwenye mapipa, ameinama, ulimi nje kama mtoto wa shule. Moto wake ulipendeza, ulikuwa kama unacheza. Mimi sikujua kwamba mume wangu anaweza kuchora. Niliumia kwa hilo kuliko kama ningemkuta na yule mama chumbani. La chumbani ningalijua namna ya kulipigania.

Nikamwambia nataka kwenda ng'ambo kununua chumvi.

"Chumvi iko hapa sokoni," akasema.

"Ya ng'ambo ni nyeupe."

Aliniangalia, akanipisha nipande botini.

Wakati wa kurudi boti ilijaa. Mapipa ya buluu yalikuwa nyuma, yamefungwa, na yule mwanamke kasimama kando yake. Alinisalimia kwa heshima, "Mama, habari ya nyumbani?" nami nikajibu kwa midomo tu. Mbele walikaa wasafiri, wengi wao wakulima wa kwetu wenye vikapu na kuku. Kijana mmoja mchimbaji wa kuelekea Wamaza alikalia sanduku lake, akasema ni la vyombo vya jikoni.

Tulipofika katikati ya mto, sanduku hilo likaanza kutoa moshi. Haukuwa moshi wa kuni. Ulikuwa wa rangi ya kutu, na ulikata koo. Kijana aliruka akipiga kelele. Alikuwa ameficha asidi ndani ya bidoni ya mawese, kaizungushia makapi ya mpunga isigongwe.

Mume wangu akamwachia msaidizi usukani. Yule mwanamke alikuwa amekwisha vuka juu ya mizigo, kilemba puani. Hawakuambiana neno. Yeye alishika upande huu, mume wangu upande ule, wakainua sanduku pamoja, wakalitupa majini, kisha wakawa wanachota maji na kumwaga pale lilipokuwa, kwa zamu, kama watu waliotwanga katika kinu kimoja tangu utotoni. Niliwatazama nikasahau kuogopa.

Kilichonizindua ni boti kulala upande. Watu wote walikuwa wamekimbilia kushoto kukwepa moshi. Nikasimama nikapiga kelele kwa Kizimba, lugha ya wakulima wetu, kwa sauti ya kuitia watu shambani: "Kaeni! Kaeni chini! Nusu warudi kulia!" Akina mama wakakaa, wakavuta waume zao. Boti ikainuka.

Tulipogusa pwani, nilimwona yule mwanamke amechuchumaa kwenye maji, ameshika mkono wa mume wangu. Asidi ilikuwa imeurukia. Mwanamke alikuwa ameuzamisha mpaka kwenye kiwiko, naye mume wangu anang'ata meno. Nilitembea ndani ya maji na viatu vyangu.

"Nipe," nikasema. "Nitashika miye."

Aliuachia mara moja. "Shika, Mama. Usiutoe majini hata akilia." Kisha akaongeza, "Wewe ndiye uliyetuokoa. Boti ilikuwa inapinduka."

Nilitamani sifa hiyo itoke kinywani mwa mwingine.

Nilishika mkono ule mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Mume wangu akaniuliza polepole, "Ulikuja kwa sababu ya chumvi kweli?"

"Hapana."

"Na umeona nini?"

"Nimeona unajua vitu ambavyo hukunifundisha."

"Hukuuliza kamwe," akasema. Ilikuwa kweli, na kweli hiyo haikunituliza hata kidogo.

Mkono ulipona, ukabaki na kovu linalong'aa. Komisera akataka mtu wa kukagua mizigo kabla haijapanda, mtu ambaye wakulima wanamsikia. Yule mwanamke akanitaja mimi. Nilikaribia kukataa kwa sababu ni yeye aliyenitaja, kisha nikakubali. Mume wangu alinifundisha nyumbani, kila jioni, mpira wa kifuniko, pumzi ya pipa, mchanga. Hizo ni jioni nilizozipenda.

Mwanamke yule bado anavuka na mzigo wake wa Salamabila. Tunasalimiana, tunaulizana watoto. Mapipa yake nayakagua kuliko ya mtu yeyote: nazungusha kila kifuniko, naingiza mkono kwenye mchanga mpaka chini, nanusa. Anasubiri juani bila kulalamika. Sijawahi kukuta kosa.