Maandishi Kwenye Sahani za Haro

Mimi si mtu wa kuamini haraka, na sioni haya kulisema. Nimerithi kwa baba. Baba ni mhunzi wa majembe hapa Kitanga, nami ndiye ninayemsaidia tangu macho yake yaanze kuchoka. Kwetu kila chuma hufutwa maandishi kwanza. Zamani kambini, kabla hatujapewa uraia, ukikutwa na bomba lenye herufi uliulizwa ni la nani, ukaambiwa umeiba kwenye ghala la misaada. Baba aliwahi kulala mahabusu kwa kipande alichopewa na jirani. Tangu hapo herufi hazikai kwenye chuma chake.

Msimu uliopita kina mama wa kanisani walimwagiza majembe. Wakatuambia wazi: haya yakiwaangusha, watarudi kwenye ya dukani. Kwa baba hilo halikuwa jambo dogo. Wapo ambao hadi leo wakimkasirikia humwita mkimbizi, na majembe yake ndiyo yanayowafunga midomo.

Nikanunua sahani chakavu za haro la trekta, lile la kuvunjia mabonge ya udongo, kwa mzee mmoja wa vyuma mjini Kasulu, mtu mwenye asili ya pwani na maneno matamu. Maneno matamu hunitia wasiwasi. "Chuma hiki kina dawa, binti," aliniambia. "Mwambie mzee wako asome kwanza." Nikajisemea, dawa gani, huyu ni mganga? Sikumfikishia baba hata neno moja.

Nilizifuta herufi bila kuzisoma, nikabakiza sahani mbili za kesho. Baba akagusisha chuma kwenye jiwe la mashine ya kunolea, akatazama cheche. Zilikuwa chache, ndefu, hazichanui. "Oya! Hiki ni laini, cha misumari. Umepigwa." Chuma laini hukipasha hadi kiive chekundu, akakitumbukiza kwenye maji ya chumvi, basi. Hakirudishi kwenye moto mdogo kukilegeza kisikatike, kama anavyofanya kwa springi za gari, maana anaona hakina ugumu wa kulegezwa.

Mwenyekiti wa kina mama alilijaribu jembe la kwanza shambani. Lilipogonga jiwe, likameguka kipande kikubwa kama kiganja. Alilirudisha limefungwa kwenye kitenge. "Mzee, tusubiri au twende dukani?" Baba akaomba wiki moja. Mimi nikapandwa na hasira.

Nilifika Kasulu sijapoa. Sikuamkia. Mbele ya wateja nikamwita yule mzee tapeli. Akaniacha nimalize, akachomoa sahani nyingine kwenye lundo, akaipangusa kwa kiganja. "Soma." Karibu na tundu la katikati palikuwa pameandikwa boroni.

"Ndiyo dawa yenyewe," akasema. "Kiwandani wanaitia kidogo sana kwenye chuma, hata cheche hazikuonyeshi. Lakini ukikipoza kwa maji kinakuwa kigumu hadi ndani, si juu juu tu. Usipokilegeza, kinakatika."

Hata hapo sikumwamini. Nilisimama nje ya duka lake nikasoma kwenye simu, nikitafuta uongo wake. Sikuuona. Ni chembe tu, haifikii hata chumvi ya sufuria ya maharage, na inabadilisha chuma chote. Aibu ikanichoma hadi masikioni. Nikarudi mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ungeanza na hiyo."

Nyumbani nilimweleza baba yote, pamoja na lile neno nililolizuia. Hakunigombeza. Nilipochukua mashine nifute herufi za zile sahani mbili, akanishika mkono. "Acha. Aliyekitengeneza aliandika ili tusome." Akafua jembe, akalipoza, akalirudisha motoni polepole, akalipoza tena.

Mwenyekiti alipokuja alilipiga kwenye jiwe mara tatu, kwa makusudi, akiangalia makali kila mara. Hayakumeguka. Kisha akapitisha kidole kwenye herufi, karibu na shingo ya jembe, akakunja uso.

"Mzee, chuma hiki ni cha nani?"

Lilikuwa swali lilelile la kambini. Baba aliweka nyundo chini. Nilidhani atainama kama siku zote.

"Ni changu, mama," akasema, akimtazama usoni.

Mama akalitia jembe begani. "Basi tufulie na yaliyobaki."