Mtoto Ninayemkagua Mkolani Siye Niliyemrudisha

Mhariri, na ninyi wote mnaosoma ukurasa huu kila wiki, jina langu naomba lifichwe, maana mji wetu ni mdogo na midomo ni mingi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja, nina mume na watoto wawili, naishi Mabatini hapa Mwanza. Nimeajiriwa na shirika linalowarudisha watoto wa mitaani kwa ndugu zao. Kazi yangu ni kuwafuatilia baadaye majumbani, kuona kama wanakula, wanasoma, hawapigwi, kisha naandika ripoti ya wafadhili. Ofisini wanaiita ufuatiliaji na tathmini. Mume wangu anaiita kazi ya kuchungulia masufuria ya watu, na zamani nilikuwa nacheka.

Kuna mtoto wa kike nitamwita Kulwa. Kulwa na Doto wamejaa Usukumani, kwa hiyo jina hilo halimfichui mtu. Tulimpata mwaloni, pale ziwani samaki wanaposhushwa, akiokota mapanki, ile mifupa ya sangara inayotupwa na viwanda vya samaki. Mama yake alishafariki. Pacha wake Doto alichukuliwa na bibi yao huko Magu, yeye akaangukia kwa baba yao mdogo Mkolani, akapigwa, akatoroka. Baba mdogo tulimkalisha kikao, akaapa kwa Biblia kwamba amebadilika. Siku ya kumrudisha mtoto, wenzangu walikuwa na semina, nikampeleka mimi. Njia nzima alinishika kanga, na nilipoaga alilia mpaka majirani wakatoka nje.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Utaratibu wetu hauruhusu kumtembelea mtoto bila taarifa. Lazima balozi wa nyumba kumi aambiwe mapema, naye awaambie wenye nyumba, eti tusiwavunjie heshima. Ziara ya kwanza nilibeba mfuko wa unga wa msaada kama kawaida yetu, nikamkuta mtoto msafi, kapakwa mafuta, kavaa sare tuliyompa. Akaniamkia shikamoo kama mtu asiyenijua kabisa. Semina zilitufundisha kwamba mtoto akianza kupona huyasahau ya mitaani pamoja na watu wake. Doto sikuwahi kumwona, wala sikumuwaza. Nikaandika: mtoto amesahau, amezoea nyumbani. Bosi akaisoma sentensi hiyo kwa sauti kwenye kikao, watu wakapiga makofi. Jamani, makofi!

Nimekwenda hivyo mwaka mzima. Mwezi uliopita baba mdogo alitoka kumsindikiza balozi, tukabaki wawili. Nikamwambia, "Kulwa mwanangu, hunikumbuki kweli? Mbona siku ile ulinililia hivyo?" Akatazama mlangoni, akasema taratibu, "Mama, mimi Doto. Baba mdogo huwa ananifuata kwa bibi mkisema mnakuja, ili mlete unga."

Nikamuuliza Kulwa yuko wapi.

"Kisiwani. Anawapikia wavuvi. Baba mdogo amesema nikitaja, na mimi ananipeleka."

Mtoto wa miaka kumi na mmoja, kambini kwa wavuvi, katikati ya wanaume watupu! Wenye mabinti mnajua ninachoogopa, mkono wangu unakataa kukiandika.

Nilimweleza bosi, nikidhani atainuka twende polisi. Akafunga mlango. "Mama, tulia. Wafadhili wanakuja mwisho wa mwezi ujao, na mtoto waliyeomba kumwona ni huyo huyo. Wakijua hili wanafunga mradi, na watoto wote wa kituo chetu wanarudi mwaloni. Wakishaondoka tutamtafuta kimya kimya." Nikamwambia, "Bosi, hizo kambi za dagaa zinahama. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa; mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanatawanyika, giza likirudi wanaweza kuwa kisiwa kingine. Tutamtafuta wapi?" Akanijibu, "Ripoti zote zina sahihi yako, si yangu."

Nikaenda polisi peke yangu. Askari akapiga simu ofisini kwetu, bosi akamhakikishia kwamba mtoto yupo Mkolani, mzima, na wakitaka waende wakamwone. Askari akaweka simu chini akanitazama kama nimechanganyikiwa. Akaniuliza kisiwa gani. Sikijui, na Doto hakijui. Akaniambia, "Mama, kaelewaneni kwanza huko ofisini kwenu."

Mume wangu alipunguzwa kazi kiwanda chao kilipobinafsishwa. Nyumba nzima inakula mshahara wangu. Nilipomwambia nataka kusimama mbele ya wafadhili niseme kila kitu, aliniuliza, "Mama watoto, na wanetu je? Nao waende mwaloni?" Sikumkasirikia. Niliingia jikoni nikalia.

Na mjue, nikisema hadharani, baba mdogo anaweza kumpeleka Kulwa mbali zaidi kuficha ushahidi. Hilo pia bosi amenikumbusha, kwa upole kabisa, kama mtu anayenitakia mema.

Juzi alinikabidhi gauni jipya. Akaniagiza nimpelekee Doto, na nimzoeze, ili wageni wakimwita Kulwa aitike bila kusita. Nikaenda. Mungu anisamehe, nikaenda. Nikaita, "Kulwa!" Akaitika, "Abee!" Nikaita tena, akaitika haraka zaidi, akatabasamu, anasubiri nimsifie. Kisha akaniuliza, "Mama, sasa Kulwa mwenyewe akirudi, yeye ataitwa nani?"

Wasomaji wenzangu, nilimkunjia gauni lake nikaaga. Nimetoka pale sijala, sijalala, na mwisho wa mwezi unakuja. Mnaojua kisiwa, mnaojua sheria, mliozaa, nishikeni mkono. Nifanye nini wakati Kulwa bado anapatikana?