Kaseti ya Mama kwa Kinyozi

Wakati wa vita, pale kwa kinyozi wetu mjini Baraka, kando ya ziwa, wimbo ulikuwa mzuri kijana mmoja akitikisa kichwa. Alikuwa amesoma mjini Uvira miaka miwili, na kwetu hiyo ilitosha. Akitikisa, nasi tunatikisa. Akitazama nje, sote tunagundua kwamba wimbo ni mbovu. Mimi nilikuwa mwepesi kuliko wote, najicheka hadi leo.

Siku moja kijana huyo aliazima kaseti ya muziki mpya wa Kinshasa kwa mfanyabiashara aliyekuwa akielekea machimbo ya Misisi. Kinyozi alikuwa na redio ya kaseti mbili, iliyotumia betri ya gari, na kila mmoja alitakiwa kuja na kaseti yake ya kurekodia. Sokoni hazikuwepo. Nyumbani kwetu kulikuwa na moja tu, ya kwaya ya kanisa, mama yangu akiongoza. Mama alikuwa amekimbilia Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na kwa miezi mingi hatukujua kama yu hai. Nilijua ninachokwenda kufuta. Hata hivyo niliziba kwa karatasi vile vitundu viwili vya juu, kimoja cha kila upande, ili kaseti ikubali kurekodi tena, nikaenda.

Kinyozi aliicheza kidogo kupima sauti. Mama akaanza kuimba. Niliwahi kucheka kabla ya wenzangu, nikasema hayo ni mambo ya bamama wa kanisa, afute tu. Yule wa Uvira hakucheka.

"Acha iendelee," alisema. "Ule mwenye kuimba juu ni nani?"

Nikamwambia ni mama.

"Toa ile karatasi."

Nilichomoa haraka. Tulisikiliza upande mzima, vijana wakaomba urudiwe, na mwishowe kila mmoja alikuwa anaapa kwamba kwaya ameipenda tangu utotoni. Nami niliapa. Kwangu ilikuwa kweli, ila nilingoja kichwa cha mtu mwingine kinipe ruhusa. Namshukuru sana yule kijana. Bila yeye ningeifuta sauti ile kwa mkono wangu.

Mama alirudi salama, Mungu asifiwe. Nikamweleza jinsi vijana walivyouomba wimbo wake mpaka betri ikachoka. Alifurahi kama msichana. Kisha akauliza:

"Na we, uliuomba?"

Nikasema ndiyo. Akaichukua kaseti, akaigeuza. Kwenye kitundu cha pili karatasi ilikuwa bado imo. Akaitoa kwa ukucha, akawasha redio yetu, tukasikiliza wawili.