Upanga wa Mkaza Mjomba

Mjomba wangu alikuwa fundi saa kwa kazi na mwehu wa panga za kale kwa mapenzi, na mtaa mzima ulimwita Mzee Kutu. Mtu akimletea upanga wa babu yake, kwanza aliusugua kwa kidole gumba. Kutu ya zamani ni nyeusi na haitoki. Kutu ya juzi, iliyoletwa kwa maji ya chumvi, hubaki kidoleni. Kisha alitaja thamani yake, na hakumvika mtu kilemba cha ukoka. Nimeona watu wazima wakitoka chumbani mwake wamenuna kama watoto walionyimwa sukari.

Upanga mmoja tu hakutaka uguswe. Ulining'inia sebuleni, mpini wa pembe na ala ya ngozi, zawadi aliyopewa na mkewe miaka kumi na tisa iliyopita. Mkaza mjomba aliuza cherehani yake ili aununue. Alisema cherehani yenyewe ilikuwa mbovu, kelele tupu. Kila mgeni aliisikia hadithi hiyo hata kabla hajaketi.

Mwaka huu watu wa makumbusho waliuomba wakauonyeshe, na majina ya mjomba na mkewe yaandikwe chini. Mjomba akakataa katakata. Nilimwambia usoni kwamba ni mchoyo, maana mdomo wangu hauna breki. Mkaza mjomba hakubishana. Alisubiri mumewe aende kuoga, akautungua na kuniwekea mezani pamoja na barua ya makumbusho. Walitaka maelezo ya mjuzi, na mimi nilikuwa nimefundishwa na Mzee Kutu miaka minne.

"Andika wewe, mwanangu," alisema. "Akiona umeshaandika, ataona haya, atakubali."

Nikauchomoa, nikamulika tochi pale bapa linapoingia kwenye mpini, mahali ambapo vidole havifiki. Chuma kilikuwa kimepigwa tupa, na mikwaruzo yake ilikuwa mipya kuliko mimi. Bapa la upanga mmoja lilikuwa limechongwa liingie kwenye mpini wa mwingine. Vilikuwa vipande viwili vilivyofungishwa ndoa kwa nguvu, na hakuna mkusanyaji ambaye angeutaka hata bure.

Mkaza mjomba alikuwa amenikodolea macho, anatabasamu. Nikashika kalamu, nikaanza kuandika kwamba ni upanga halisi wa kale, kwa sababu nampenda yule mama kuliko ukweli wa chuma chochote.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, taulo begani. Akaniambia niweke kalamu chini, kisha akamgeukia mkewe.

"Mtoto asianze kazi hii kwa uongo," alisema. "Upanga huu ni wa kuungaunga, mke wangu. Nilijua wiki ile ile uliyonipa. Nilishindwa kukwambia, kwa sababu ya cherehani yako."

Mkaza mjomba aliikunja na kuikunjua barua. Alipofungua kinywa, hakuzungumzia upanga.

"Haikuwa mbovu," alisema. "Niliipenda cherehani ile. Niliilia siku tatu, ukiwa kazini."

Mjomba alivuta kiti akaketi karibu naye, akamwuliza kwa sauti ya chini mbona miaka yote hiyo hakumwambia. Mkaza mjomba alimtazama tu, mpaka mjomba, mwenye siri ya miaka hiyo hiyo, akainamisha kichwa.